Mteja wa kijijini hana bando kama lako

Wauzaji wenzangu, hii ya "bei njoo inbox" inatukosesha wateja. Mimi nauza viatu vya mtumba Dar, nilikuwa naposti video tupu. Siku moja mama wa kijijini huko Kasulu akanipigia, namba alipewa na binti yake: "Mwanangu, video yako inazunguka tu, bando limeisha sijaona hata kiatu." Nikajiuliza wangapi kama yeye walishaondoka kimya kimya.

Sisi mjini tuna 4G, na waifai ya jirani (tusisemane). Vijijini kuna sehemu mpaka upande kilima ndio upate mtandao, na wengi wana kitochi. Lakini usiwadharau. Wakishauza maharage hela wanayo, na kitochi hicho hicho kinalipa kwa menyu ya pesa za simu bila intaneti.

Siku hizi naweka picha moja nyepesi, bei, saizi na namba ya kupiga. Mwenye kitochi namwelezea kwa meseji ya kawaida.

Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika? Hata sisi wa Dar tulibaki tunaangalia kiduara kinazunguka.

Yule mama alichukua jozi tatu.