Presha si Wasiwasi: Jina la Maradhi na Uhai wa Waja Wazito wa Marikiti

Aghalabu vinapozungumziwa vifo vya wazazi, lawama ya kwanza hutupiwa umbali wa hospitali. Hoja hiyo ina mashiko Wajir na Turkana. Marikiti haina. Mja mzito anayeishi katika vichochoro vya nyuma ya soko hilo, baina ya wauza viungo na maduka ya leso ya Barabara ya Biashara, yumo katika kisiwa kimoja na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Malipo nayo yaliondolewa katika hospitali za umma Juni 2013. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Mara nyingi kinachochelewa ni uamuzi, na uamuzi huchelewa zaidi pale maradhi yanapokosa jina linaloeleweka.

Maradhi yanayokusudiwa hapa humpata mja mzito baada ya wiki ya 20. Shinikizo la damu hufikia 140 kwa 90 au zaidi, na aghalabu protini huonekana katika mkojo. Kliniki humwambia ana presha. Nyumbani, presha ni wasiwasi, ile anayopewa mtu na wadai wake. Basi mavyaa, kwa nia njema kabisa, humshauri apumzike na asijitie mawazo. Kichwa kisichokoma kuuma, macho kuingia kiwi, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, yote huhesabiwa kuwa uchovu wa mimba.

Jina la pili, kifafa cha mimba, lina ila kubwa zaidi. Laitaja hatua ya mwisho tu, pale mgonjwa anapoanguka na kutetemeka. Aliyelisikia husubiri akione kifafa ndipo aamini. Na kikishaonekana, wapo wanaomtanguliza mganga wa pepo mbele ya daktari, kwa kuwa kifafa kimehusishwa na majini tangu jadi. Ilhali wakati wa kuokoa maisha ni ule wa kabla. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba magnesiamu salfeti, dawa isiyo ghali, hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa hiyo haimfuati mtu kitandani kwake.

Tena hatari haiishi mtoto anapolia. Kifafa huweza kuzuka siku kadhaa baada ya kujifungua, ndani ya arobaini, mzazi akikandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mila hizo zina heri nyingi, na wanaozibeza hawajawahi kuuguza mzazi. Mkandaji ndiye amwonaye mzazi kila siku. Huenda akawa wa kwanza kuambiwa kuwa kichwa kinauma.

TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, kazi ya kushukuriwa, ila humfaa zaidi anayeanzia kwenye Kiingereza. Lugha iliyolipokea neno la kigeni ikalifanya Marikiti haishindwi kuyapa maradhi haya jina linalotisha mapema. Na litafutwe kwa wakunga na wakandaji wa Mji wa Kale kwanza, likaguliwe na madaktari, kisha liandikwe katika kadi ya kliniki, kando ya zile tarakimu za damu.