Mwalimu wa Wauguzi na Lugha ya Wodi: Uzamili wa Uuguzi katika Meru na Embu

Msafiri anayetoka Meru akielekea Embu kwa barabara inayozunguka Mlima Kenya upande wa mashariki hupita karibu na shule za uuguzi kadhaa kabla hajamaliza safari yake. Mjini Meru kuna Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, yaani KMTC, na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2006. Mbele kidogo, Nkubu, hospitali ya Consolata inayo shule yake. Chogoria nako kuna chuo kinachobeba jina la Clive Irvine, daktari wa misheni ya Kanisa la Uskoti aliyefika huko mwaka 1922. Chuo Kikuu cha Chuka, chenye hati ya mwaka 2013, kinafundisha uuguzi. Na mwisho wa safari kuna Embu, penye KMTC nyingine na chuo kikuu kilichopata hati mwaka 2016. Hapo hazijatajwa Maua na hospitali yake ya Kimethodisti, kwa kuwa Maua haiko njiani.

Si ajabu, basi, kwamba elimu ya uuguzi katika eneo hili imekwisha kupanda hadi shahada ya uzamili. Wauguzi wenye shahada ya kwanza hurudi darasani wakiwa na nia mojawapo kati ya mbili: kuwafundisha wauguzi wenzao, au kusimamia wodi, hospitali na huduma za kaunti. Ni hatua ya kupongezwa. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mnamo mwaka 2005 AMREF, kwa ushirikiano na Baraza la Wauguzi la Kenya, ilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta yaliyolenga kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada. Wakati huo stashahada ndiyo iliyokuwa ikitamaniwa na wengi. Leo muuguzi wa Meru anaweza kuitamani shahada ya uzamili bila kuhamia Nairobi.

Hata hivyo, lipo swali ambalo aghalabu haliulizwi: huyu mwalimu mtarajiwa na huyu msimamizi mtarajiwa watafundisha na kusimamia kwa lugha gani? Jibu la vyuo linajulikana. Mihadhara ni kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ya Baraza ni ya Kiingereza, na tasnifu huandikwa na kutetewa kwa Kiingereza. Jibu la wodi ni jingine kabisa. Wodini mgonjwa huzungumza Kimeru cha Imenti, cha Tigania au cha Igembe, Kitharaka, Kiembu au Kimbeere. Na pale muuguzi anapokuwa mgeni, au mgonjwa anapokuwa mgeni, Kiswahili ndicho huwaokoa wote wawili. Isiolo iko takriban kilomita 50 tu kutoka Meru. Mborana, Msomali au Mturkana anayeletwa Meru kutoka huko hawezi kutarajia kukutana na muuguzi wa lugha yake. Hutegemea Kiswahili, chake kidogo na cha muuguzi.

Hicho cha muuguzi ndicho kinachostahili kutazamwa. Aghalabu ni Kiswahili cha kuokota. Hakuna aliyekifundisha kwa kazi hii. Chukua jambo dogo kama saa za dawa. Mwanafunzi amefundishwa kwamba dawa fulani itolewe baada ya kila saa 12, na kwenye bahasha ameandika namba 8 kwa asubuhi na 8 kwa usiku. Akimweleza mgonjwa kwa haraka, ulimi wake unafuata namba aliyoiandika: "Utakunywa saa nane." Mgonjwa ambaye saa nane yake ni ya mchana hutii agizo hilo kwa uaminifu wote. Hakuna aliyedanganya, na dawa imekosewa. Msemo wa siku nyingi, "moja kutwa mara mbili", ungalikuwa salama zaidi, lakini nao wataka maelezo, maana asiyeambiwa nafasi ya saa baina ya kidonge na kidonge anaweza kuvimeza vyote viwili kabla ya chakula cha mchana.

Au chukua neno tumbo. Mama anayesema tumbo lamuuma huenda anazungumzia utumbo, huenda anazungumzia mji wa mimba, huenda anasitiri kwa neno hilo jambo ambalo haya haimruhusu kulitaja mbele ya kijana wa kiume. Muuguzi aliyefunzwa staha ya Kiswahili hujua kuuliza mara ya pili bila kumvunjia mama heshima. Asiyefunzwa huandika alichosikia. Mbaya zaidi ni pale anapoitwa mtoto wa mgonjwa, au mfanya usafi anayepita na ndoo yake, awe mkalimani wa mambo ambayo mama hangethubutu kumwambia mwanawe hata akiwa nyumbani.

Sheria haiko kimya kuhusu haya. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, Kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sasa, ni nani atakayeigeuza sheria hiyo kuwa desturi ya kila siku? Daktari hupita wodini na kuondoka. Muuguzi ndiye anayekaa. Na muuguzi hufanya kama alivyofunzwa na mwalimu wake, na kama anavyoruhusiwa na msimamizi wake. Ndiyo maana jambo hili ni la shahada ya uzamili kuliko la ngazi nyingine yoyote: anayeelimishwa hapo mmoja atawafikia mamia.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema Kiingereza ndiyo lugha ya utafiti, na ndiyo inayomfungulia muuguzi mlango wa kazi ughaibuni. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya, na hakuna atakayehojiwa huko kwa Kiswahili. Ni kweli. Lakini hakuna anayedai Kiingereza kifukuzwe darasani. Isitoshe, wanaosalia ndio watakaofundisha, na elimu ya mwalimu haiwezi kupimwa kwa mahitaji ya yule aliyekwisha kuabiri ndege. Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba, na kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari kimewafikia watu wasiojua hata neno moja la Kilatini. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia.

Hoja ngumu zaidi ni ile isemayo kwamba Kimeru na Kiembu zatosha katika eneo hili. Kwa bibi wa Igembe asiyejua Kiswahili, hakika Kimeru ndicho dawa yake ya kwanza, na mwalimu mwema angewahimiza wanafunzi wake wakitumie bila kuona aibu. Ila mwanafunzi huyohuyo anaweza kupangiwa kazi Garissa au Kilifi, na wodi yenyewe ya Embu ina wauguzi waliozaliwa mbali na Embu. Lugha za nyumbani na Kiswahili hazishindani hapa. Zote mbili zinanyimwa nafasi na ratiba moja.

Upande wa usimamizi, mambo yalibadilika mwaka 2013 huduma nyingi za afya zilipokabidhiwa kaunti. Msimamizi wa wauguzi alijikuta akikaa na mawaziri wa kaunti, wawakilishi wa wadi, viongozi wa chama na wananchi wenye malalamiko. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza Juni na kumalizika Novemba, ulionyesha jinsi kazi hiyo ilivyo nzito. Barua za mwajiri huandikwa kwa Kiingereza. Hasira ya watu langoni haiandikwi, husemwa, na husemwa kwa Kiswahili na Kimeru. Fomu ya ridhaa ya upasuaji nayo, mara nyingi, ni ya Kiingereza, na mgonjwa huitilia dole gumba. Msimamizi mwenye shahada ya uzamili anaweza kuibadilisha fomu hiyo. Hahitaji bajeti, anahitaji kuona kwamba dole gumba peke yake si ridhaa.

Jambo la kushangaza ni kwamba kazi ya tafsiri tayari inafanywa ndani ya masomo hayo. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kuwahoji akina mama kliniki hutakiwa na kamati ya maadili kutafsiri dodoso na karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Hutafsiri, wakati mwingine kwa usiku mmoja, hukusanya data, kisha tafsiri hiyo hubandikwa mwishoni mwa tasnifu kama kiambatisho na kufungiwa maktabani. Hakuna anayeisahihisha wala kuipa alama. Mwenzake anayemfuata mwaka ujao huanza upya, akitafuta tena neno la kueleza kutokwa na damu baada ya kujifungua.

Lawama hii haiwaepuki wanafunzi wa Kiswahili. Chuka, Kiswahili na uuguzi hufundishwa katika chuo kimoja, na pengine wanafunzi wa pande hizo mbili hukutana kwenye foleni ya chakula tu. Grace Ogot, ambaye wengi wao humjua kama mwandishi wa hadithi, alikuwa muuguzi na mkunga aliyefunzwa Mengo na London, akawafundisha wakunga Maseno, na alipokuwa Uingereza alitangaza katika BBC. Aliandika kwa Kiingereza na kwa Kidholuo. Kwake yeye wodi na lugha hazikuwa mabara mawili.

Vyuo vya Meru na Embu vinaweza kuanza na machache. Somo moja la mawasiliano ya kitabibu kwa Kiswahili liwe la lazima kwa wanaosomea ualimu na usimamizi. Kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha kitahiniwe kwa Kiswahili, mgonjwa akiwa amelala pale pale. Tafsiri za madodoso zipitiwe na idara za Kiswahili na kuhifadhiwa mahali ambapo mwanafunzi anayefuata atazipata. Na kila tasnifu iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kilichogunduliwa, ukurasa huo upelekwe kwenye wodi au kliniki ilikokusanywa data, ubandikwe ukutani karibu na ratiba ya zamu, ili akina mama waliojibu maswali hayo wausome au wasomewe wanaporudi na watoto wao kwa chanjo.