Singapore haikujengwa kwa vioo

Kila unapofika msimu wa kupanga miji, na kila unapofika msimu wa kuomba kura, Singapore hutajwa. Mwanasiasa anaitaja, mhandisi anaitaja, na mwenye mtaji anayekitamani kiwanja cha katikati ya mji anaitaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Hadithi ni ileile: palikuwa na kisiwa cha wavuvi maskini, akaja kiongozi mkali, wananchi wakawa na nidhamu ya Kiasia, maghorofa ya vioo yakachomoza na umaskini ukakimbia. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Naisikia hadithi hii kwenye chumba cha walimu, naisahihisha kwenye insha za wanafunzi, naikuta magazetini. Ni hadithi ya uongo, na uongo wake unaumiza watu, kwa sababu ndiyo inayosomwa kwa sauti siku tingatinga linapofika kwenye vibanda vya mama lishe.

Tuanze na hao wavuvi. Singapore ilipojitenga na Malaysia mwaka 1965 ilikuwa na watu karibu milioni 1.9. Ilikuwa imeshakuwa bandari huru tangu Waingereza walipoweka kituo chao pale mwaka 1819. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za kati ya Ulaya na China zikawa zinapita mlangoni kwake, na mpira na bati vya Malaya vikatokea hapo kwenda duniani. Kipato cha mtu mmoja mwaka huo wa 1965 kilikuwa zaidi ya dola 500 za Kimarekani kwa mwaka, mara kadhaa ya kile cha Kenya au Tanzania. Palikuwa na maskini wengi, tena wa kutisha. Lakini ule ulikuwa umaskini wa watu waliobanana ndani ya mji tajiri wa biashara, wakilala kwa zamu kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao katika nyumba za maduka, au katika makazi ya mabati na makuti pembezoni. Anayesema walikuwa sawa na sisi kisha wakatupita kwa nidhamu amekwisha kosea kabla hajamaliza sentensi.

Sasa hayo maghorofa. Picha inayobandikwa kwenye kila andiko la maendeleo ni ya Marina Bay Sands, minara mitatu iliyobeba kitu mfano wa meli juu yake. Ilifunguliwa mwaka 2010. Kufikia mwaka huo, chombo kilichoijenga Singapore yenyewe kilikuwa kimetimiza nusu karne. Chombo hicho ni Bodi ya Nyumba na Maendeleo, HDB kwa ufupi, iliyoanzishwa Februari 1960. Watalii hawaendi kupiga picha majengo yake, na wapenzi wetu wa Singapore hawayataji. Ndiyo makazi ya karibu watu wanane katika kila kumi wa nchi hiyo, ukihesabu raia na wakazi wa kudumu.

Namna kazi hiyo ilivyoanza inastahili kusimuliwa taratibu. Kabla ya HDB palikuwa na shirika la kikoloni, Singapore Improvement Trust, lililoanza kazi mwaka 1927 na kujenga takriban nyumba 23,000 kwa miaka 32. Bodi mpya, chini ya mwenyekiti wake wa kwanza Lim Kim San, ilijenga zaidi ya 50,000 kwa miaka mitano. Tarehe 25 Mei 1961, siku ya sikukuu, moto ulizuka katika mtaa wa Bukit Ho Swee, ukateketeza nyumba za mbao na nipa na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila paa. Serikali ilitwaa eneo lile lile lililoungua na kuanza kujenga juu yake. Familia za kwanza zilihamia ndani ya mwaka mmoja, na kuhamia huko kulikuwa kurudi pale pale walipokuwa wakiishi, karibu na kazi zao, shule za watoto wao na watu waliowazoea. Hong Kong nayo ilikuwa imeanza hivyo hivyo: moto wa Shek Kip Mei usiku wa Krismasi ya mwaka 1953 uliwaacha watu zaidi ya 50,000 nje, na kutoka kwenye majivu hayo ikaanza kazi ya nyumba za umma ambayo leo inawahifadhi zaidi ya wanne katika kila watu kumi wa mji ule.

Nyumba za mwanzo zilikuwa duni. Nyingi zilikuwa za chumba kimoja, na korido ndefu nje ya milango. Lifti zilisimama kwenye baadhi tu ya ghorofa, na ilibidi isubiriwe miaka ya 2000 ndipo mpango mkubwa wa kuzifikisha kwenye kila ghorofa uanze. Lakini zilikuwa na maji, umeme, choo na bei ambayo kuli wa bandarini aliimudu. Kuanzia mwaka 1964 watu waliruhusiwa kuzinunua, na kuanzia mwaka 1968 wakaruhusiwa kutumia akiba yao ya uzeeni, ile inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, kulipia nyumba. Hapo ndipo mfagiaji na karani walipopata kitu cha kupoteza. Mnaotafuta siri ya utulivu wa Singapore, anzieni hapo.

Na ni majengo ya namna gani? Hapa ndipo mwalimu wa jiografia anaposhindwa kunyamaza. Singapore iko digrii moja kaskazini mwa ikweta. Joto lake na unyevu wake ni vile tunavyovijua Dar es Salaam, Mombasa na Tanga. Wajenzi wa HDB walilala na tatizo hilo na kuamka nalo. Mara nyingi jengo refu lilielekezwa ili pande zake pana zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta nyembamba za mwisho. Madirisha yaliwekwa pande mbili ili upepo upite katikati ya nyumba. Kutoka mlango wa jengo hadi kituo cha basi, kuna njia ya miguu yenye paa. Mzee anatembea kivulini, mtoto wa shule haloi mvua. Fedha nyingi sana zimetumika kwa ajili ya kivuli tu katika mji ule. Sisi huku tunasimamisha jengo la vioo linalotazama magharibi, halafu tunaendesha viyoyozi mchana kutwa kulipoza, na anayelipa bili hiyo mwishowe ni mpangaji.

Kuanzia miaka ya 1970, ghorofa ya chini kabisa ya majengo mengi iliachwa wazi, nguzo tupu na sakafu, bila nyumba wala ofisi. Mwekezaji wa kwetu akiona nafasi hiyo atauliza imepotezaje pato. Nenda ukae pale siku mbili tatu utaona kazi yake. Meza za saruji zimechorwa mraba wa mchezo wa chesi wa Kichina, na wazee wamezizunguka tangu asubuhi. Kona moja kuna chekechea, nyingine kuna kituo cha wazee, na duka dogo la mchele na sabuni. Jumamosi familia ya Kimalayu inatandika mazulia na kupanga meza za harusi, sufuria zinachemka nyuma ya pazia. Wiki inayofuata, mahali pale pale, familia ya Kichina inakesha na maiti yao siku tatu au tano, ubani unafuka, majirani wa dini nyingine wanapita wakiinamisha vichwa. Ni baraza ya nyumba ya Kiswahili, iliyopanuliwa ikawatosha watu mia kadhaa. Kuanzia mwaka 1989 sheria ikaweka kiwango cha Wachina, Wamalayu na Wahindi katika kila jengo ili kabila moja lisijitenge. Sheria hiyo ina wanaoilalamikia, hasa Wamalayu na Wahindi wanaopata shida kuuza nyumba zao kwa kuwa wanunuzi wanaoruhusiwa ni wachache. Malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, harusi na msiba vinapotumia sakafu moja kwa miongo kadhaa, watu hujifunza kupishana.

Tufike kwa mama lishe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mitaa ya Singapore ilijaa wauza vyakula: tambi, wali wa nazi, mishikaki, chapati. Maji machafu yalimwagwa barabarani, panya walizagaa, askari waliwakimbiza wauzaji na wauzaji walirudi jioni. Mnajua picha hiyo. Mwaka 1968 na 1969 serikali ikafanya jambo ambalo halimo katika hadithi yetu: iliwaandikisha. Wachuuzi wapatao 18,000 walipewa leseni za muda. Kisha, kuanzia 1971 hadi 1986, walijengewa masoko ya chakula yenye paa, bomba, umeme na mfereji wa maji taka, wakahamishiwa humo kwa pango lenye ruzuku. Masoko hayo yaliwekwa katikati ya nyumba za HDB na karibu na vituo vya basi, yaani mahali ambapo mteja alikuwa anapita tayari.

Hili la mwisho ndilo lililopuuzwa tulipojenga Machinga Complex kule Ilala. Tuliwajengea wafanyabiashara wadogo ghorofa, tukawaambia wapande juu, na mteja akabaki chini barabarani. Kwa miaka mingi nafasi za pale zilikosa watu, na wengi wakahitimisha kwamba machinga hapendi utaratibu. Machinga anakwenda aliko mnunuzi. Mchuuzi wa Singapore alikuwa vivyo hivyo, na waliompangia walikubali kuanzia hapo.

Leo yapo masoko ya chakula zaidi ya 100. Daktari na fundi bomba wanakula meza moja, na mtu huweka pakiti ya tishu mezani kuonyesha kiti kimeshachukuliwa, wala hakuna anayeigusa. Mwaka 2016 vibanda viwili vya wachuuzi vilipata nyota ya Michelin, na Desemba 2020 utamaduni wote huo ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo kiongozi anayevunja meko ya mama lishe huku akitaja Singapore anafanya kinyume kabisa cha yale yaliyofanyika Singapore.

Naambiwa: lakini wenzetu wana nidhamu, wana faini, hata ubani wa kutafuna ulipigwa marufuku mwaka 1992. Nidhamu hiyo ilitanguliwa na mabomba. Hadi mwaka 1987 bado kulikuwa na nyumba Singapore ambazo kinyesi chake kilichukuliwa kwa ndoo, miaka 22 baada ya uhuru wao. Mto wa Singapore ulinuka vibaya, na kampeni ya kuusafisha ilichukua miaka kumi, 1977 hadi 1987, kwa sababu haikutosha kutoza faini: wafugaji wa nguruwe na bata walihamishwa, walioishi kandokando wakapewa nyumba, wachuuzi wakapewa masoko, mifereji ya maji taka ikatandazwa. Ukimtoza faini mtu asiye na mahali pa kutupa taka, umemwongezea umaskini na taka zimebaki. Kuwasifu Waasia kwa nidhamu ya damu ni kuwanyima sifa ya kazi waliyoifanya, tena ni kuwatukana watu wetu kwa kuwa wachafu pasipo bomba.

Sitaki mtu afikiri nawauzia pepo. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo wa kuchukua kiwanja cha mtu kwa fidia ndogo, na ilibidi kufika mwaka 2007 ndipo fidia ya bei ya soko ikawa kanuni. Vijiji vya Wamalayu vilivyopendwa vilifutwa. Nyumba za HDB zinanunuliwa kwa miaka 99, na wenye nyumba kongwe wana hofu ya saa inayokwenda. Vibaya zaidi, vibarua wa Bangladesh na India wanaozijenga nyumba hizo hawaishi humo. Wamewekwa kwenye mabweni, na mwaka 2020 korona ilipoingia mabwenini ndiko ilikotoka sehemu kubwa kabisa ya wagonjwa wa nchi nzima. Hayo nayo yafundishwe.

Ila kuna jambo moja Watanzania hasa tunapaswa kulikabili. Silaha kubwa ya Singapore ilikuwa ardhi. Dola iliinunua na kuitwaa miongo kwa miongo hadi ikashika karibu asilimia 90 ya kisiwa. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha umma, bei yake haikuweza kumfukuza mfanyakazi katikati ya mji. Tanzania ilikuwa na silaha hiyo mapema kuliko wao. Umiliki wa kudumu wa ardhi binafsi ulifutwa hapa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inarudia kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Tulikuwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, miaka miwili tu baada ya HDB. Chombo tulikuwa nacho, sheria tulikuwa nayo, jua ni lile lile.

Kwa hiyo mwekezaji atakapokuja na picha ya minara ya Marina Bay akitaka kiwanja cha umma kilichopo jirani na kituo cha mabasi, aulizwe maswali ya HDB. Nyumba ngapi humo ataimudu muuguzi au dereva wa daladala? Ghorofa ya chini ni ya nani? Wauza chakula waliopo hapo leo watapewa bomba upande gani wa jengo, na kwa pango gani? Na majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kabla ya uzio wa mabati kusimamishwa.