Gari la klachi mbili: rahisi yadi, ghali gereji

Katika yadi za magari yaliyotumika, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha mbele huwa na mambo manne: mwaka wa gari, ukubwa wa injini, kilometa zilizotembea na neno "otomatiki". Hilo la mwisho ndilo ambalo mnunuzi hulisoma haraka kuliko yote, akaridhika na kuanza kubishania bei. Ndilo pia lenye uwezo wa kula mtaji wake kuliko hayo mengine matatu.

Sababu ni kwamba neno hilo halisemi kitu. Chini yake zinauzwa giaboksi za aina tatu ambazo hazifanani kwa ujenzi, kwa matunzo wala kwa gharama ya ubovu. Aina ya tatu, yaani ile ya klachi mbili, imeingia sokoni kwa wingi pamoja na Volkswagen Golf na Audi A3 zinazotoka Japan na Uingereza, na pamoja na Honda Fit Hybrid na Vezel Hybrid. Wengi wanaoyanunua magari hayo ni wafanyabiashara wadogo: mwenye gari moja la teksi ya mtandao, mwanachama wa SACCOS aliyekopa kwa dhamana ya kadi ya gari, au dalali anayenunua mawili ili auze moja na kubaki na jingine. Watu hao hawana akiba ya kumeza hasara ya giaboksi katika mwaka wa kwanza.

Otomatiki ya kwanza ni ile ya zamani, ambayo nguvu ya injini hupitia kwenye mafuta kabla ya kufika kwenye gia. Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ina giaboksi ya aina hiyo yenye gia nne. Haina mbwembwe na hunywa mafuta kidogo zaidi ya inavyopaswa, lakini inaweza kutambaa kwenye foleni mchana kutwa, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayobeba msuguano. Ya pili ni CVT, isiyo na gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Nissan X-Trail nyingi zinayo.

Ya tatu, ukiifungua, ni giaboksi ya gari la gia za mkono. Ina meno, shafti na klachi. Tofauti ni kwamba klachi ni mbili na anayezikanyaga si dereva bali kompyuta. Klachi moja hushika gia witiri na nyingine gia shufwa. Gari likiwa gia ya pili, ya tatu imekwisha kuwekwa tayari, hivyo kubadilisha ni kuachia klachi moja na kushika nyingine, tendo la sehemu ndogo ya sekunde. Wazo hilo si geni. Mfaransa Adolphe Kégresse alilifikiria kabla ya Vita Kuu ya Pili, Porsche ikalipeleka kwenye mashindano katika miaka ya 1980, na Volkswagen ikaliingiza kwenye gari la kawaida mwaka 2003, katika Golf R32, kwa jina la DSG.

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuuliza swali la pili, ambalo ni nadra kusikika yadini: klachi zenyewe ni za mafuta au kavu? DSG ya kwanza ya gia sita, inayojulikana kiwandani kama DQ250, ina klachi zinazozama kwenye mafuta yanayozipoza. Imejengwa kubeba nguvu ya injini kubwa na huhitaji mafuta na chujio kubadilishwa kila kilometa 60,000. Mwaka 2008 ikaja ndogo yake ya gia saba, DQ200, kwa ajili ya injini ndogo. Klachi zake ni kavu, kama za gari la gia za mkono. Ni nyepesi, ni ya bei nafuu kutengeneza na huokoa mafuta. Lakini ikipata joto haina kitu cha kuipoza isipokuwa hewa. Golf ya injini ya 1.2 au 1.4 TSI iliyopo yadini, mara nyingi giaboksi yake ni hii.

Historia ya giaboksi hiyo imeandikwa wazi. Machi 2013, baada ya televisheni ya taifa ya China kutangaza malalamiko ya wateja, Volkswagen iliyaita magari 384,181 nchini humo kwa ajili ya kasoro za DSG. Novemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kubadilisha mafuta ya giaboksi ya magari yapatayo milioni 1.6 duniani, kuondoa ya sintetiki na kuweka ya madini, kwa kuwa yale ya kwanza yaliweza kuleta hitilafu ya umeme katika nchi zenye joto, unyevunyevu na foleni nyingi. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa akiisoma sentensi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Honda nayo haikupona. Fit Hybrid ya klachi mbili kavu ilianza kuuzwa Japan Septemba 2013. Kufikia Oktoba 2014 ilikuwa imeitwa kurekebishwa mara tano, baadhi ya mara hizo kwa sababu ya programu inayoongoza giaboksi, na Rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, akakatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu. Ni mara chache kiongozi wa kampuni kubwa kulipa kwa mfuko wake kasoro ya giaboksi.

Kisa chenye funzo kubwa zaidi kwa mnunuzi mdogo, hata hivyo, ni cha Australia. Ford iliuza huko Focus, Fiesta na EcoSport zenye klachi mbili kavu kwa jina la PowerShift. Wateja walilalamika kwamba magari yanatetemeka yanapoondoka. Wengi waliambiwa kuwa tatizo ni namna wanavyoendesha, wakati kampuni ilikwisha kujua kwamba kasoro hiyo imewapata wengine wengi. Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliitoza Ford Australia faini ya dola za Australia milioni 10 kwa jinsi ilivyowatendea waliolalamika.

Kauli hiyo ya "ni udereva wako" inasikika pia gereji za hapa, na ubaya wake ni kwamba ina ukweli nusu. Klachi kavu kweli huuawa na udereva. Dereva aliyezoea IST akiwa kwenye foleni ya jioni ya Barabara ya Bagamoyo huachia breki kidogo, gari likasogea hatua mbili, akalishika tena kwa ncha ya mguu. Katika gari la klachi mbili kila hatua hiyo ni klachi inayosuguliwa bila kushika, na baada ya saa nzima joto lake ni kubwa. Akiwa mlimani naye hulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuziunguza. Anayelijua gari lake huacha nafasi mbele ijae urefu wa magari mawili au matatu, kisha huondoka mara moja na kusimama kwa breki iliyokanyagwa sawasawa, kwa sababu breki ikishikwa vizuri kompyuta huachia klachi kabisa. Walio nyuma watapiga honi, na bodaboda watajaza nafasi hiyo.

Lakini huo ni ushauri wa mwenye gari. Kwa mwekezaji swali ni jingine: kama chombo kinataka dereva wa namna ya pekee ili kisife, je, kinafaa kukabidhiwa dereva wa kuajiriwa anayeleta hesabu jioni? Jibu ni hapana. Deiwaka hatalinda klachi ambayo hailipii.

Chukuliwe mfano wa hesabu tu. Mtu ana Sh milioni 20. Yadini anaonyeshwa magari mawili ya umri mmoja. La klachi mbili ni Sh milioni 17 na la otomatiki ya kawaida ni Sh milioni 20. Akichukua la kwanza ataona amebakiwa na milioni tatu, na kwa kawaida atazitumia kwa magurudumu, redio na bima kubwa. Fedha hizo si faida. Ni akiba ya klachi na ya kile kifaa cha umeme na mafuta kinachoziongoza, ambacho mafundi hukiita mekatroniki, na zinapaswa kukaa benki mpaka gari liuzwe. Kuna pia siku za kusimama: seti ya klachi haipatikani kila duka la spea, fundi anahitaji vifaa vya pekee vya kuifunga, na baada ya kufunga ni lazima kompyuta ifundishwe upya mahali klachi inaposhikia. Fundi asiye na mashine hiyo atalirudisha gari likitetemeka kama lilivyokuja, na malipo yake atakuwa amekwisha kuyachukua. Teksi ikilala wiki mbili, marejesho ya mkopo hayalali.

Hayo yote hayana maana kwamba gari la klachi mbili ni baya. Kwa mtu anayekwenda Morogoro na Dodoma kila wiki, asiyekaa mjini saa za msongamano, hilo huenda likawa gari bora kuliko yote kwa bei yake: halipotezi nguvu, hubadilisha gia bila kuvuta, na klachi ikikwisha kushika barabarani haisuguliwi tena. Ile ya klachi za mafuta yenye kumbukumbu ya huduma kila kilometa 60,000 ni mali safi hata mjini. Kosa la soko letu ni kuuza gari la safari kwa mtu wa foleni na kumwita mbumbumbu likiharibika.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya yatapita yenyewe. Kwa Honda ni kweli kwa kiasi. Fit iliachana na klachi mbili toleo lilipobadilika Februari 2020, na Vezel ikafuata Aprili 2021. Lakini Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane, maana yake Vezel ya mwisho ya aina hiyo itaweza kushushwa Mombasa hadi mwaka 2028. Tanzania haifungi mlango kwa umri. Hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka minane, jambo ambalo nalo humsukuma mnunuzi kuiacha IST kuukuu na kutafuta gari jipya zaidi. Sheria zote mbili zina nia njema, ila zinamhamisha mtu mwenye mtaji mdogo kutoka kwenye mashine rahisi kwenda kwenye mashine ngumu bila kumwongezea fundi. Kwa upande wa Golf, Volkswagen haijaacha DSG.

Ikumbukwe pia kwamba hifadhi ya mtengenezaji haisafiri na meli. Nchini China Volkswagen iliongeza dhamana ya DSG hadi miaka 10 au kilometa 160,000. Gari lililonunuliwa mnadani Japan na kufika hapa kupitia mikono mitatu halina mlango wa kugonga. Kinachoweza kufanyika ni kuiingiza namba ya chesisi kwenye orodha ya mtengenezaji kule Japan kabla ya kutuma fedha, ili kujua kama marekebisho aliyoitiwa mwenye gari wa kwanza yalifanyika. Kazi hiyo haina gharama, na wakala anayekataa kuifanya ana sababu zake. Ukaguzi wa kabla ya kupakia haumsaidii mnunuzi hapa, kwani huangalia kama gari ni salama barabarani, si unene uliobaki kwenye klachi.

Gari likiwa tayari yadini, kulizungusha mara moja nje ya geti hakutoshi, kwa kuwa klachi iliyochoka huficha maradhi ikiwa baridi. Litembezwe nusu saa, ikiwezekana kwenye msongamano, kisha lijaribiwe kuondoka polepole, kupanda kilima na kurudi nyuma. Katika DSG ya gia saba gia ya pili na ya kurudi nyuma hutumia klachi moja. Likitetemeka katika zote mbili, klachi hiyo ndiyo inayodai pesa. Fundi mwenye mashine ya kupima asome hitilafu zilizohifadhiwa, lakini baada ya mwendo huo, si kabla, kwani kuzifuta ni kazi ya dakika moja. Wenye yadi nao wangejipunguzia magomvi kama wangeongeza mstari mmoja kwenye ile karatasi ya kiooni: otomatiki ya kawaida, CVT, klachi mbili za mafuta, au klachi mbili kavu. Hadi hapo, mnunuzi adai maneno hayo yaandikwe kwenye hati ya mauziano pamoja na namba ya chesisi, kabla ya kulipa hata arubuni.