Mgonjwa Anaposema "Dawa Hii Inanikataa"

Katika vyumba vya matibabu na kwenye madirisha ya dawa husikika mara kwa mara kauli fupi: "Dawa hii inanikataa." Anayeisema aghalabu ni mgonjwa wa siku nyingi, na anayeisikia aghalabu ana foleni ndefu nje ya mlango. Basi kauli hupita. Pengine huandikwa neno moja tu, "mzio", juu ya jalada. Pengine mgonjwa huambiwa avumilie, kwamba mwili utazoea. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa mtu mwenye hitilafu sugu ya mapigo ya moyo, kauli hiyo ni taarifa ya kitabibu. Yastahili kuulizwa, kuchambuliwa na kuandikwa kama tunavyoandika kipimo cha shinikizo la damu.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Huongozwa na seli maalumu zilizo katika chumba cha juu cha kulia, ambazo huzalisha umeme mdogo unaosambaa moyoni kwa mpangilio. Umeme huo ukizaliwa au ukisafiri kinyume cha kawaida, moyo huenda mbio, hupunguza kasi kupita kiasi, au hupiga ovyo bila mpangilio. Baadhi ya hitilafu hizi hutibiwa zikaisha. Nyingine hudumu na mtu kwa miaka mingi, na vidonge huwa sehemu ya maisha yake kama chakula. Mtu wa namna hiyo hujua moyo wake unavyopiga akiwa kitandani, akipanda ngazi, na saa mbili baada ya kumeza dawa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa nini dawa ileile, kwa dozi ileile, imfae mmoja na kumwelemea mwingine? Sababu ziko nyingi, na hakuna hata moja iliyo ya kufikirika.

Kwanza, miili haivunji dawa kwa kasi moja. Metoprololi, dawa itumikayo sana kupunguza kasi ya moyo, huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Mwaka 1996 watafiti, akiwamo Collen Masimirembwa wa Zimbabwe, walieleza aina ya jeni ya kimeng'enya hicho ambayo huonekana sana miongoni mwa Waafrika na ambayo hupunguza uwezo wake wa kufanya kazi. Kwa mwenye kimeng'enya dhaifu, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kidonge kimoja huweza kumfanyia kazi ya zaidi ya kimoja. Atenololi, iliyo katika kundi hilohilo, hutolewa zaidi na figo. Hivyo huyu aliyeelemewa na ya kwanza huenda akaimudu ya pili, iwapo figo zake ni nzima. Mtu hawezi kufikiria badiliko hilo ikiwa malalamiko ya mgonjwa hayakuandikwa popote.

Pili, hali ya mwili hubadilika. Mgonjwa aliyetumia digoksini kwa salama mwaka mzima huweza kudhurika nayo wiki atakayoharisha, au pale figo zake zitakapodhoofika, au akiongezewa dawa ya kupunguza maji mwilini inayoondoa potasiamu katika damu. Hukosa hamu ya kula, hutapika, huona vitu kwa rangi ya manjano, na mapigo yake huharibika. Dawa ni ileile, mwili umebadilika.

Tatu, dawa za kurekebisha mapigo zenyewe huweza kuyavuruga. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, wagonjwa waliopona shambulio la moyo walipewa enkainidi au flekainidi ili kuzuia mapigo ya ziada. Mapigo hayo yalipungua kweli. Hata hivyo, mwaka 1989 matumizi ya dawa hizo katika utafiti huo yalisitishwa, kwa kuwa waliozitumia walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tangu hapo wataalamu wa moyo wamekumbuka kwamba mapigo yaliyonyooka kwenye karatasi ya ECG si ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa yu salama.

Nne, hatari huweza kutoka kwenye dawa ya ugonjwa mwingine kabisa. Baadhi ya dawa hurefusha muda ambao moyo huutumia kujiandaa kiumeme kwa pigo linalofuata, muda ambao katika ECG huitwa QT. Ukirefuka mno, moyo huweza kuangukia mapigo ya hatari yanayoua ghafla. Katika kundi hili zimo kwinini, erithromaisini, haloperidoli na flukonazoli, na kwa kiasi kidogo baadhi ya dawa nyingine za malaria. Terfenadini, dawa ya mafua ya mzio, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Hatari yake ilizidi ilipochanganywa na dawa kama erithromaisini. Zipo pia dawa za mafua zenye pseudoefedrini, ambazo huukimbiza moyo ambao tayari una mbio.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao lina haki yake. Watasema kwamba wagonjwa wengine huisingizia dawa kila kitu. Kwamba moyo kwenda mbio huweza kutokana na homa, upungufu wa damu, tezi ya shingo, hofu, au ugonjwa wenyewe. Kwamba hata aliyepewa kidonge kisicho na dawa huweza kulalamika kizunguzungu. Yote hayo ni kweli. Lakini yanatudai tuulize vizuri zaidi, wala hayatupi ruhusa ya kutouliza. Asiyeuliza hawezi kutenganisha dawa na homa.

Tena, gharama ya kutouliza ni kubwa kwa pande mbili. Mgonjwa asiyesikilizwa hagombani. Huitikia, huchukua dawa, kisha huziacha kabatini. Kuacha ghafla dawa za kundi la beta-bloka huweza kuufanya moyo uende mbio kuliko awali, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba huweza kuleta maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Kwa upande wa pili, kuandika "mzio" kwa kila lalamiko humnyima mgonjwa dawa njema maisha yake yote. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa: upele, midomo kuvimba, pumzi kubana. Uchovu na ubaridi wa vidole vinavyoletwa na beta-bloka ni maudhi ya dawa, na mara nyingi hupungua dozi ikipunguzwa. Kuzirai ni jambo jingine, la kuchunguzwa siku hiyohiyo. Maneno haya matatu, yaani mzio, maudhi na madhara makubwa, yasichanganywe katika jalada moja.

Kwa watoa huduma, napendekeza maswali matano kila mgonjwa anaposema dawa inamkataa. Ni dawa gani, na kwa dozi gani? Hali ilianza muda gani baada ya kuimeza? Ulihisi nini hasa, na mapigo yalikuwa mangapi? Ulipoiacha au kuipunguza, kulitokea nini? Ni dawa gani nyingine, za dukani au za mitishamba, ulizokuwa ukitumia? Majibu yaandikwe kwenye jalada na kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, maana mgonjwa huyu atahudumiwa kesho na mtu mwingine mahali pengine. Madhara yanayotiliwa shaka yaripotiwe. Nchini Tanzania mpokeaji wa taarifa hizo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kwa wagonjwa, neno langu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu za dawa hupotea vivyo hivyo. Andika jina la kila dawa, dozi, tarehe ya kuanza, na kilichotokea. Jifunze kuhesabu mapigo: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Litaje tatizo la moyo wako kabla hujanunua dawa yoyote, hata ya mafua, hata kwenye duka la dawa la mtaani. Usiache dawa ghafla bila ushauri. Usikatae pia matibabu ya malaria kwa hofu, kwani malaria isiyotibiwa huua. Mweleze anayekutibu ili achague dawa inayokufaa. Ukizirai, ukibanwa kifua au pumzi ikikukatika, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali wakati huohuo.

Kliniki za moyo zinaweza kuanza na jambo dogo: ukurasa mmoja katika kadi ya mgonjwa, wenye safu ya dawa, safu ya dozi na safu ya kilichotokea, ujazwe na mtoa huduma na mgonjwa kwa pamoja. Kuujaza hakuhitaji mashine wala fedha nyingi. Kunahitaji dakika chache na mtu aliye tayari kuamini kwamba mgonjwa mbele yake ana jambo la kumweleza.