Mfuko Mpya wa Chakula cha Mbwa: Usomwe Mgongoni Kwanza

Mwenye mbwa hubadili chakula kwa sababu moja kati ya tatu: ama mfuko wa zamani umeadimika dukani, ama bei yake imepanda, ama mbwa mwenyewe ameanza kukonda na kunyonyoka manyoya. Katika mitaa ya Gikondo, mjini Kigali, sababu zote tatu zinafahamika. Chakula kikavu cha mbwa kinachouzwa huko aghalabu hutoka nje ya nchi, na bidhaa itokayo mbali haina ahadi: leo ipo, mwezi ujao haipo. Hapo mwenye nyumba hujikuta mbele ya rafu akiwa na fedha za mfuko mmoja, na machoni pake imepangwa mifuko mitatu asiyoijua.

Wengi huchagua kwa macho. Mfuko wenye picha ya mbwa aliyenawiri na kipande cha nyama nyekundu hushinda mfuko usio na picha. Lakini wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha haina uzito kwenye mizani wala haishibishi. Habari zenye maana zimeandikwa nyuma ya mfuko kwa herufi ndogo, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, na yafaa zisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Si ajabu kwamba elimu hii bado ni ngeni katika nyumba nyingi za Kigali. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa wengi wa mji huo walipigwa risasi kwa kuwa walikuwa wamezoea kula maiti, na kwa miaka mingi kubweka kulisikika kwa nadra. Ufugaji ulirejea polepole. Familia inayomfuga mbwa kwa mara ya kwanza haina budi kujifunza kumlisha, kama inavyojifunza kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa.

MPANGILIO WA MAJINA

Jambo la kwanza ni orodha ya vitu vilivyomo. Kwa kanuni ya nchi nyingi zinazotengeneza vyakula hivi, kitu kilichokuwa kizito kuliko vyote wakati wa kuchanganya hutajwa kwanza, kisha kinachofuata, hadi vitamini na chumvichumvi za mwisho. Kwa hiyo majina matano ya mwanzo ndiyo chakula chenyewe. Yanayosalia ni viungo.

Hata hivyo mpangilio huo una mitego miwili. Mtego wa kwanza ni maji. Nyama mbichi ina maji karibu sehemu 70 katika kila 100. Ikitajwa ya kwanza, huenda ilishika nafasi hiyo kwa uzito wa maji ambayo yalikaushwa baadaye kiwandani. Unga wa nyama au unga wa samaki umekwisha kukaushwa kabla ya kupimwa. Ukitajwa wa pili au wa tatu unaweza kuwa umechangia protini nyingi kuliko ile nyama mbichi iliyotangulia. Mtego wa pili ni kugawanya. Mtengenezaji anaweza kuandika mahindi, kisha unga wa mahindi, kisha protini ya mahindi, kila moja mahali pake, ili nyama ibaki juu. Msomaji makini huyajumlisha mahindi yote pamoja, kisha hutazama upya nani aliyetangulia.

Haifai, hata hivyo, kuidharau nafaka. Mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kuyeyusha wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya aliye jamaa yake. Wanga uliopikwa vizuri humfaa. Kwa upande mwingine, mifuko inayojisifu kuwa haina nafaka mara nyingi hujazwa njegere na dengu, na mwaka 2018 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilianza kuchunguza uhusiano wa vyakula vya namna hiyo na ugonjwa wa moyo kwa mbwa. Uhusiano huo haujathibitishwa, lakini unatosha kumfanya mnunuzi asilipe zaidi kwa ajili ya maneno hayo peke yake.

TARAKIMU ZA PROTINI NA MAFUTA

Jambo la pili ni jedwali la protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Kipimo kinachotumiwa sana Marekani na kwingineko hutaka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima, na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Mafuta yasipungue asilimia 5.5 kwa mzima na 8.5 kwa hao wengine. Hesabu hizi ni za chakula kilichoondolewa maji yote, hali jedwali la mfukoni huhesabu pamoja na unyevu. Kwa hiyo hapana budi kugawanya.

Mathalani, mfuko wa kwanza una protini 26, mafuta 15, nyuzinyuzi 3, majivu 7 na unyevu 10. Mfuko wa pili, ulio rahisi, una protini 18, mafuta 8, nyuzinyuzi 5, majivu 9 na unyevu 10. Ukiondoa unyevu, kila mfuko umebakiwa na sehemu 90. Protini 26 katika 90 ni karibu asilimia 29. Protini 18 katika 90 ni asilimia 20. Mfuko wa pili basi unamtosha mbwa mzima wa kulinda lango, lakini haumtoshi jike anayenyonyesha wala watoto wake. Nyumba ambayo mbwa wake amezaa ikiuchukua mfuko huo kwa kubana matumizi, watoto watajaa matumbo na bado hawatakua ipasavyo.

Majivu, kwa maneno mepesi, ni madini yanayobaki chakula kikichomwa. Yakizidi sana huashiria kwamba mifupa ni mingi kuliko nyama. Kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa, chokaa ya kupita kiasi huharibu ukuaji wa mifupa, kinyume cha dhana ya wengi kwamba kadiri inavyozidi ndivyo wanavyopata nguvu.

Ikumbukwe pia kwamba tarakimu ya protini haielezi protini imetoka wapi. Maabara haipimi nyama. Kwa njia iliyobuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl wa Denmark, hupimwa naitrojeni, kisha ikazidishwa kwa 6.25. Manyoya na ngozi navyo vina naitrojeni. Mwaka 2007 ulaghai uliojengwa juu ya kipimo hicho ulidhihirika: protini ya ngano kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi isiyo chakula, na mbwa na paka wengi wa Amerika ya Kaskazini waliharibikiwa figo. Ndiyo sababu orodha na jedwali husomwa pamoja, wala kimojawapo hakitoshi.

BEI YA SIKU, SI BEI YA KILO

Jambo la tatu ni fedha. Tuseme kila mfuko una kilo 15. Wa kwanza unauzwa faranga 60,000 na wa pili faranga 51,000. Kwa kilo, wa pili una nafuu ya faranga 600, na mnunuzi hufurahi. Lakini chakula cha mfuko wa kwanza kina mafuta zaidi, na nguvu yake kwa hesabu ya kawaida ni kalori 355 kwa gramu 100. Cha pili ni kalori 306. Mbwa wa kilo 20 anayetoshewa na gramu 300 za mfuko wa kwanza atahitaji karibu gramu 350 za mfuko wa pili.

Gramu 300 za kwanza zagharimu faranga 1,200 kwa siku. Gramu 350 za pili zagharimu faranga 1,190. Nafuu yote ni faranga 10, na mfuko wa pili utakwisha siku ya 43 badala ya siku ya 50. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya mezani. Si kila mfuko wa bei ndogo utatoa jibu hilo, lakini kila mfuko ufanyiwe hesabu hiyo kabla ya kusifiwa kuwa rahisi.

Wapo wanaonyoosha mfuko kwa kuongeza ugali au makombo. Kidogo hakidhuru, maadamu nyongeza haizidi sehemu moja katika kumi ya chakula cha siku. Zaidi ya hapo vitamini na madini yaliyopimwa kiwandani hupungua nguvu. Isambaza wakavu wa Ziwa Kivu, wasiotiwa chumvi, ni nyongeza nzuri. Makombo yenye kitunguu yasitolewe kamwe, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa; wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha.

MAHINDI YENYE KUVU

Jambo la nne ni zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mahindi yanapochambuliwa, punje zilizoota kuvu hutengwa na kupewa mbwa na kuku, kana kwamba matumbo yao ni jalala. Punje hizo zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo hushambulia ini na ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi.

Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa katika miji ya Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa kula chakula kilichoingia sumu hiyo. Mwaka 1981 watu 12 walikufa huko Machakos kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, waliugua watu 317 na kufa 125. Mahindi ni yale yale, na ghala ni lile lile. Kwa sababu hiyo kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiruhusu mahindi ya kuliwa kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kila kilo. Mbwa anayeacha kula ghafla, akatapika, macho yakawa manjano na choo kikawa na damu, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kilichobaki cha chakula chake kichukuliwe pamoja naye. Wenye nyumba nao waitazame debe la unga wao wenyewe.

Kwa hiyo mfuko wenye mahindi mengi uchunguzwe tarehe, na usinunuliwe uliochanika au ulioloa. Ikiwa muuzaji anapima kwa kilo kutoka gunia lililo wazi, mnunuzi hana orodha, hana tarehe, wala hajui gunia lilifunguliwa lini. Sehemu za chini za Gikondo zimepakana na bonde la majimaji, na mvua za Machi hadi Mei huingiza unyevunyevu hata ndani ya stoo. Mfuko uwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta, mdomo wake ukunjwe na kubanwa kila mara. Familia yenye mbwa mmoja mdogo inunue mfuko unaokwisha katika muda wa wiki sita.

KUBADILI KWA SIKU KUMI

Mfuko ukishachaguliwa, usimwagwe wote bakulini siku ya kwanza. Vijidudu vya tumboni vinavyosaidia kuyeyusha chakula vimezoea kile cha zamani, na badiliko la ghafla huleta kuharisha, ambako wengi hukudhania kuwa ubaya wa chakula kipya. Siku tatu za mwanzo mbwa apewe robo tatu ya cha zamani na robo ya kipya. Siku tatu zinazofuata apewe nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine robo ya zamani na robo tatu ya kipya. Siku ya kumi ale kipya kitupu. Akiharisha, hatua irudishwe nyuma moja na ingojwe. Maji safi yawepo wakati wote, kwa kuwa chakula kikavu huleta kiu.

Hivyo chakula cha zamani kisisubiriwe kwisha kabisa ndipo kipya kitafutwe. Kwa mbwa wa kilo 20 aliyetajwa, kilo moja na nusu ya akiba yatosha kwa siku zote za mpito. Na mfuko mtupu usitupwe upesi: ukatwe kile kipande chenye orodha na jedwali, kihifadhiwe pamoja na kadi ya chanjo, ili safari ijayo dukani mnunuzi awe na kitu cha kulinganisha mkononi badala ya kukumbuka rangi ya picha.