TUHESABU LAINI, SI MASANDUKU

Shirika la umma linapotaka kuunganisha matawi yake na makao makuu kwa laini za kukodi, halina budi kununua ruta. Mara nyingi swali linaloulizwa ni moja tu: mtambo wauzwa bei gani? Sisi twaona kwamba swali hilo halitoshi. Yafaa iulizwe pia kila laini itagharimu kiasi gani, na mitambo itachukua nafasi kiasi gani katika kabati lake.

Tuchukue mfano wa shirika lenye matawi 63, kila tawi na laini yake ya megabiti 2 kwa sekunde. Kabati la kawaida la mitambo, liitwalo raki, lina upana wa inchi 19 na ngazi 42, kila ngazi ikiwa na kimo cha inchi 1.75. Ruta ndogo ya ngazi moja yenye milango miwili hupokea laini mbili tu. Basi zitatakiwa ruta 32, nazo zitajaza ngazi 32. Kila moja ikitumia wati 40, zote pamoja zitakula zaidi ya yuniti 11,000 za umeme kwa mwaka, mbali na umeme wa kupoza chumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini laini hizo 63 zaweza kukusanywa katika njia moja ya megabiti 155, zikaingia katika ruta kubwa kwa mlango mmoja. Ruta ya namna ya Cisco 7206 ilichukua ngazi 3 tu. Bei ya mtambo wa jinsi hiyo hutisha. Lakini na igawanywe kwanza kwa laini 63, ndipo ilinganishwe.

Hata hivyo twatahadharisha. Mtambo mmoja ukizimika, matawi yote yatakuwa bubu. Kwa hiyo inunuliwe miwili, nayo igawane laini. Ngazi 6 bado ni chache kuliko 32. Tena wanunuzi wasivutwe na mitambo mikuukuu ambayo kiwanda kimeacha kuiuza, kama hiyo 7206, kwa kuwa haipati tena marekebisho ya usalama.

Na pale ambapo mkongo umefika, hesabu hubadilika. Laini 63 za megabiti 10 kila moja ni megabiti 630, nazo zaweza kupita katika mlango mmoja wa gigabiti 1 wa ruta ya ngazi moja, mradi ruta hiyo iwe na nguvu ya kuzihudumia zote kwa pamoja.

Fedha za mashirika haya ni jasho la wananchi. Kwa hiyo twawataka wakuu wanaohusika waamuru kila zabuni ionyeshe bei ya kila laini, ngazi zitakazotumika, na gharama ya umeme na matengenezo kwa miaka mitano. Mtambo ulio rahisi dukani waweza kuwa ghali kabatini.